Utepe Mwekundu Ukutani

Wifi yangu hajawahi kupanda meli hata siku moja, na ukimuuliza atakwambia hana mpango huo. Maji anayaogopa. Akivuka daraja hufumba macho, nami ndiye ninayemshika mkono kama mtoto wa chekechea. Lakini kwa miaka kumi na sita alikaa kwenye meza iliyo kando ya yangu, kwenye ofisi ya safari, akiwachagulia watu vyumba katika zile meli kubwa za kitalii zenye ghorofa kumi na tano na mabwawa ya kuogelea, na sikumbuki mteja aliyerudi kulalamika kuhusu chumba. Isipokuwa mmoja, na huyo ndiye nitakayemsimulia.

Tulimwita Roshani. Wateja walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi, wakaliandika hivyo hivyo kwenye kadi za shukrani. Jina nililibandika mimi, kwa kumchokoza, kwa sababu hakukubali kumuuzia mtu chumba kisicho na roshani. Kila meli ina vyumba vya ndani, visivyo na dirisha hata la kupitisha kidole, na wengi huvitaka kwa kuwa ni nafuu. Yeye alikataa. Alikuwa tayari kupekua tarehe na meli nusu siku nzima mpaka ampatie mtu wa kipato kidogo kijiroshani chake. Akishindwa, alimwambia, "Afadhali usiende, ndugu yangu. Kaa nyumbani ufungue madirisha."

Sababu yake naijua. Alilelewa pamoja na ndugu zake watano katika chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao, chumba kisicho na dirisha. Walijua kumekucha kwa kusikia misumeno. Alipoolewa na kaka yangu, jambo la kwanza alilofanya katika nyumba tuliyokaa wakati ule lilikuwa kufungua mapazia yote na kuyaacha hivyo mwaka mzima, majirani wakatuona mpaka tunavyotafuna. "Chumba kisicho na dirisha ni kaburi lenye taa," alisema. Alilisema hilo hata harusini, mtu akiuliza.

Kazi yake aliifanya kwa penseli. Alikuwa na ramani za meli zote, karatasi kubwa zilizokunjwa zikakunjuka mpaka zikalegea, na juu yake alipiga alama za msalaba. Hiki kiko chini ya jiko, alfajiri utaamshwa na masufuria. Hiki kiko chini ya bwawa, viti vitakokotwa kichwani mwako mchana kutwa. Hiki kina roshani nzuri, lakini mbele yake imening'inizwa mashua ya kuokolea watu, kwa hiyo umelipia bahari na umepewa tumbo la mashua. Omo, yaani mbele ya meli, panarusha. Katikati ndiko kwenye utulivu. Na tezi, nyuma kabisa, kuna roshani chache za pembeni, pana, zilizojitenga, ambazo hakuna jirani anayeweza kuziona. Hizo aliziwekea duara, na aliwapa watu aliowapenda tu. "Usione vyaelea, vimeundwa," aliwaambia, kana kwamba meli aliiunda yeye.

Kisha kulikuwa na utepe. Kando ya meza yake, ukutani, alibandika utepe mwekundu wa gundi kwenye kimo kile kile cha ukingo wa roshani ya meli. Kipimo alikitoa kwenye vitabu vya kampuni za meli, akakihakiki mara tatu. Mama mwenye watoto wadogo akija na wasiwasi wake, Roshani aliwasimamisha watoto pale. "Umeona? Utepe umempita kichwa. Hawezi kuanguka." Na yule mama alitabasamu na kutoa kitambulisho. Niliucheka utepe ule miaka mingi.

Mimi ni wa ndege. Nakata tiketi, nabadilisha tarehe, napigiwa kelele. Sina maneno mengi, ingawa wanaonijua watakataa. Na juma lile ninalotaka kulisimulia, mimi na Roshani tulikuwa tumenuniana.

Tulinuniana kwa ajili ya kochi. Mama yetu, Mungu amrehemu, alimwachia kaka kochi lake la miguu ya mbao. Roshani akalitoa nje bila kuniuliza, akampa jirani, kwa sababu eti lilikuwa linaziba dirisha. Niliposikia niliumia mpaka nikakosa chakula. Nilimwambia maneno ambayo wifi hamwambii wifi, naye akanijibu. Kuanzia Jumatatu tukawa tunakaa meza mbili zilizogusana bila kusalimiana, mtu akitaka karatasi za mwenzake anamtuma bosi.

Jumanne asubuhi akaja Bwana Mapazia.

Tulimfahamu kwa sura. Alikuwa na duka la mapazia mtaa wa pili, na nusu ya madirisha ya mtaa wetu aliyavisha yeye. Mtu mpole, sauti ya chini, shati limepigwa pasi, futi kamba ya kupimia imening'inia shingoni wakati wote. Alivuta kiti cha Roshani akasema anataka chumba chenye roshani, yeye na mke wake, siku saba baharini. Miaka ishirini ya ndoa. Na mke hajui lolote, ni zawadi.

"Kwa hiyo, dada, simu zote nipigie mimi," alisema. "Namba ya mke wangu usiiandike popote. Ukimpigia utaniharibia."

Roshani aliyeyuka. Nilimwona kwa pembe ya jicho, maana macho kamili sikumpa. Akakunjua ramani, akamwonyesha katikati kwenye utulivu. Bwana akatikisa kichwa.

"Hapa majirani wanatuona?"

"Kati ya roshani na roshani kuna ubao wa kutenganisha. Lakini mtu akichungulia, anaona."

"Sipendi kuonwa. Kazi yangu ni mapazia, dada, utanisamehe." Wote wawili wakacheka. "Hakuna pahali pasipoonekana kabisa? Si kutoka kando, si kutoka juu?"

Roshani akamwonyesha duara lake la ghorofa ya tisa, tezi, pembe ya kushoto. Akamweleza kwa fahari yote ya miaka kumi na sita: ubao ni wa chuma na unafika juu, ghorofa ya kumi imerudi ndani kwa hiyo hawachungulii, na kelele ya injini kule nyuma ni kubwa kiasi kwamba mkizungumza wenyewe hamsikiki. "Kelele ndiyo dosari yake pekee," alisema.

"Si dosari," alisema Bwana Mapazia. "Na kamera?"

"Kamera ziko kwenye korido. Roshani ni faragha ya mteja."

"Kuuliza si ujinga, dada. Na ukingo una kimo gani? Mke wangu ana kizunguzungu. Nataka awe salama."

Basi Roshani akainuka, akampeleka kwenye utepe. Bwana akautazama. Kisha akavua futi yake shingoni, akapiga goti, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye utepe, akapima tena, akaandika namba kwenye kiganja chake kwa kalamu. Akamtazama Roshani, akaweka mkono hewani juu ya utosi wake. "Yeye amekuzidi kama hivi," alisema, kwa upole tu, kama mtu anayekumbuka sura ya mpenzi wake.

Roshani akaandika chumba kile. Bwana akahamia kwangu kwa tiketi za ndege, maana meli huondokea mji wa mbali. Kwenda, wote wawili kawaida. Kurudi, akataka mbili tofauti. Yake ile ya kawaida, isiyobadilishwa. Ya mke wake ile ya gharama zaidi, ambayo usipoitumia unarudishiwa fedha zako. Nilimwuliza kama angependa zote ziwe za namna moja, maana wanandoa hurudi pamoja. Akasema, "Ya kwangu nina hakika nayo." Kwa kawaida ningegeuka pale pale nikamwambia Roshani, kwa sababu sisi wawili hatukuwahi kumwacha mteja wa ajabu apite bila kumchambua. Lakini tulikuwa tumenuniana. Nikagonga muhuri, nikanyamaza.

Siku tatu nilikosa amani na sikujua kwa nini. Nilidhani ni kochi.

Ijumaa mchana mvua ilinyesha, hakuna mteja aliyeingia. Roshani akachemsha chai, akasukuma kikombe mpaka kikagusa kiwiko changu. "Wifi, utaninunia mpaka lini? Nitakwenda kulidai hilo kochi nikae nalo barabarani." Nikacheka, nikakosa namna. Tukanywa chai. Na kwa vile tulikuwa na njaa ya umbea ya siku tano, tukaanza na Bwana Mapazia. Yeye akasimulia mapenzi ya miaka ishirini, jinsi alivyojali hata kizunguzungu. Mimi nikasimulia tiketi.

Roshani akaweka kikombe chini. "Sema tena. Ipi inarudishwa?"

"Ya mke. Ya kurudi."

"Ya kwenda?"

"Ya kwenda hapana."

Hatukuangaliana. Wote tuliangalia utepe. Sikuhitaji kuambiwa kitu. Mwanamke tusiyemjua, ambaye hata namba yake hatukuwa nayo, angepelekwa kwenye roshani isiyoonekana, isiyosikika, na sisi wawili ndio tuliompa mume wake kila alichohitaji, pamoja na kipimo.

Tulikwenda kwa bosi. Alitusikiliza akiwa anafuta miwani. "Mtu kupima ukuta ni kosa? Mtu kununua tiketi nzuri kwa mke wake ni kosa? Mkifungua midomo nje ya chumba hiki, atatushitaki tufunge ofisi. Mdomo uliponza kichwa. Rudini kazini." Polisi nao tungewaambia nini? Kwamba muuza mapazia ana futi?

Roshani akarudi mezani. Ijumaa ile ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilisha chumba chochote katika meli ile. Jioni kampuni hufunga orodha, na namba mpya mteja huiona kwenye kadi yake akifika bandarini. Akafungua kompyuta. Vyumba vyote vya roshani vilikuwa vimejaa. Vya dirisha vimejaa. Kilibaki kimoja, cha ndani, ghorofa ya tatu, ubavuni mwa chumba cha dobi. Aliiweka ramani mbele yake, akapiga duara kwenye chumba kile ambacho miaka yote kilikuwa na msalaba.

"Leo namuuzia mtu kaburi, wifi," alisema. "Mungu anisamehe." Akabonyeza.

Siku walizokuwa baharini zilikuwa siku mbaya. Roshani aliacha kula mchana. Kaka yangu alinipigia kuuliza mke wake ana nini, mbona anasimama dirishani hata akiitwa hageuki. Mimi kila asubuhi nilifungua safari ile ya kurudi, nikitazama majina mawili. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Sikujua mtu mwenye nia kama ile hukata tamaa kwa kukosa roshani au hutafuta ngazi badala yake.

Jumatatu asubuhi, kompyuta ikaonyesha kwamba abiria wote wawili wameingia ndegeni. Nilimshika Roshani bega, nikamwonyesha kwa kidole. Alikwenda chooni akakaa huko muda mrefu, akarudi ameosha uso.

Jumatano mwanamke mmoja akaingia bila kusalimia. Mrefu, amejifunga kilemba vizuri, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Baadaye tulijua ni mwalimu mkuu. Aliuliza nani anaitwa Roshani. Kisha akasema alichokuja kusema, na hakukipunguza.

"Mume wangu amejinyima mwaka mzima kunipa zawadi. Tunafika, tunafungua mlango, tunaingia stoo. Hakuna hata tundu. Mashine za kufulia zinanguruma ukutani usiku na mchana. Mume wangu alisimama pale na kadi mkononi, uso umemshuka, nikadhani ataanguka. Alikwenda kugombana mapokezini mara tatu. Siku saba hakusema nami vizuri, amekaa kitandani anatazama ukuta. Mmemvunja moyo mtu mwema."

Roshani alikuwa akimtazama tu. Nilimjua wifi yangu, nikajua hasikii matusi. Alikuwa anasikiliza sauti. Machozi yalimtoka akiwa anatabasamu, na hilo lilimuudhi mwalimu zaidi.

Bosi akatoka. "Nani alibadilisha?"

"Mimi," alisema Roshani. "Kwa mkono wangu. Wifi hakuhusika."

Bosi alimwachisha kazi pale pale, mbele ya mteja, ili mteja aone. Ningesema neno. Nilifungua mdomo, Roshani akanikazia jicho, nikaufunga, na mpaka leo najilaumu. Akaanza kuweka penseli zake kwenye boksi, na ramani zake. Bosi akarudi ndani.

Mwalimu akabaki amesimama. Hasira ilikuwa imemwishia, kama inavyowaishia watu wema wakishapata walichotaka. "Sikutaka ufukuzwe, dada," alisema. "Nilitaka uombe radhi tu. Na isitoshe limekwisha. Mume wangu ameshatupatia safari nyingine, kwa ofisi ya ng'ambo ya barabara. Mwezi ujao, meli ile ile. Amepata kile kile chumba alichokitaka mwanzo. Namba ameikariri, masikini, anaitaja kama ya simu."

Roshani akaacha ramani. "Ghorofa ya tisa," alisema. "Nyuma kabisa."

"Huko huko."

"Na kizunguzungu chako, mwalimu? Utaweza kukaa juu hivyo?"

"Kizunguzungu gani? Mimi napanda ngazi kupaka chokaa madarasa yangu mwenyewe. Sijawahi kuwa na kizunguzungu maishani."

Nilikwenda nikafunga mlango wa barabarani. Sasa hatukuwa na kazi ya kulinda, angalau mmoja wetu hakuwa nayo. Roshani akamkalisha mwalimu kwenye kiti kile kile alichokalia mume wake, akamwambia yote kwa utaratibu. Ubao wa chuma. Kelele za injini. Kamera. Futi. Nami nikamweleza tiketi, ipi ilikuwa ya kurudishwa. Nilipomaliza mwalimu alicheka, kicheko kifupi.

"Nyie mna mambo. Mume wangu hupima kila kitu. Tukienda kutembelea watu anapima meza zao. Miaka ishirini nalala naye kitanda kimoja, sijawahi kupigwa hata kofi."

"Huenda tumekosea," alisema Roshani. "Naomba iwe tumekosea. Nitakuja kwako nikupigie magoti."

Mwalimu akainuka aondoke. Alipogeuka, akauona utepe. Alisimama. Akausogelea polepole, akageuka akauegemeza mgongo wake, kama walivyokuwa wakifanya watoto wa wateja. Kichwa chake kilikuwa juu sana ya utepe, mabega juu, kifua juu. Akashusha mkono kutafuta utepe umemfika wapi. Ulimfika kitovuni.

Akabaki hivyo, mkono tumboni.

"Nyumbani kwangu kuna mstari hapa," alisema.

"Mstari gani?"

"Wa penseli. Kwenye mwimo wa mlango wa chumbani. Alirudi kutoka dukani Jumanne moja akanisimamisha pale, akapiga mistari miwili, mmoja utosini, mmoja hapa. Mkononi alikuwa ameandika namba. Alisema fundi anataka vipimo, ananishonea gauni la safari." Alizungumza kwa sauti ya darasani, kila neno zima, lakini hakuwa anatuangalia. "Akaniambia nigeuke. Niinue visigino. Akaniambia niiname mbele kidogo kidogo, aone kitambaa kitalalaje, na akawa ameweka mkono wake hapa mgongoni, chini. Nikamwambia unanitekenya."

Roshani akamwuliza gauni liko wapi.

"Hakuna gauni," alisema mwalimu. "Nilidhani amesahau."

Akaja mezani kwangu, akauliza kama anaweza kupiga simu kwa kaka yake. Simu yake mwenyewe alikuwa nayo mkobani, ikiita, sote tuliisikia. Nikamsogezea ya ofisi.